Wimbi la Pengoni Linaanzia Wapi

Benchi lile lina miguu minne, lakini kwa siku linatembea kuliko watu wanaolikalia. Asubuhi utalikuta kwenye baraza la kinyozi; jua likipanda linaburutwa hadi mbele ya duka la cherehani; adhuhuri linajibanza kwenye ukuta wa fundi friji, likikimbia jua kama mdeni wa jua. Pale mbele ya duka la cherehani ndipo linapotazamana uso kwa uso na kichochoro kifupi kinachoteremka hadi majini. Mwisho wa kichochoro kuna majengo mawili makubwa, kiwanda cha barafu kushoto na ghala la saruji kulia, na katikati yake limebaki pengo la bahari lisilozidi upana wa milango miwili ya duka. Wakaaji wa benchi wameitazama bahari kwa pengo hilo miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa wameitazama sana, wanaamini wanaijua yote. Kahawa wanamiminiwa na Bibi Birika, mwanamke asiyependa maneno mengi, na sheria yake ni moja tu: atakayeshindwa hoja ndiye atakayekunywa kikombe cha mwisho, kile cha chini ya birika, kizito kama tope.

Siku hiyo benchi lilikuwa mbele ya duka la cherehani. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, alikuwa mlangoni akikata kitambaa cha pazia juu ya ubao wake wa kutelezea mawimbini. Ubao wenyewe mrefu kuliko mtu, mweupe, ulikuwa umelazwa juu ya stuli mbili tangu goti la mwenyewe liliposhonwa zahanati, na sasa ulikuwa umejaa mistari ya chaki. Leo angekuja bwana mmoja wa hoteli kuuchukua, akautundike ukutani mapokezi, uwe pambo. Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyemwambia auchukue. Alisema siku ile ile aliyotoka zahanati akichechemea, kwa hasira, na neno likishatoka kinywani si mate, hulimezi tena. Tangu hapo hakuimba hata mara moja kwenye cherehani. Mumewe, ambaye ndiye kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa akipita pale dukani bila shughuli, anatega sikio, anaondoka.

– Leo tunazika ubao, alisema Mwalimu Gia.

Huyu hufundisha watu kuendesha gari. Alikuwa amekaa benchini na povu la sabuni uso mzima, maana umeme ulikatika na kinyozi alikuwa akimnyoa ndevu nje, kwenye mwanga.

– Usitikise taya, alisema kinyozi. Jina lake la mtaani ni Upara, kwa sababu iliyo wazi kila anapovua kofia. – Nitakukata, kisha utasema nilikusudia.

– Natoa rambirambi tu. Shemeji, pole.

– Sijafiwa, alijibu Mama Pindo bila kuinua kichwa.

– Kufiwa umefiwa, alidakia Baridi, fundi friji, aliyekuwa amekaa pembeni na bisibisi nyuma ya sikio. – Swali ni nani muuaji. Na muuaji tunaye hapa, ana povu usoni.

– Mimi?

– Nani alimwambia aende Kikaangoni? Si wewe? "Shemeji umeiva, shemeji umeiva!"

– Nilisema ameiva. Kuiva ni jambo moja, kukaangwa ni jingine.

Mama Pindo aliendelea kukata kitambaa, lakini mkasi ulikuwa umepinda njia.

Ukweli ni kwamba wote walikuwa na mkono katika jambo lile. Hapo mtaani wanaoteleza mawimbini wako wa aina tatu. Wapo wachanga, wanaosukumwa na povu kule Bembea, ghuba ya mchanga isiyomdhuru mtu. Wapo mabingwa wa Kikaangoni, ambako wimbi linasimama ghafla juu ya mwamba, na chini yake maji hayatoshi kufulia shuka. Halafu wapo wa katikati, ambao benchi limewaita vuguvugu: si baridi, si moto. Mama Pindo ni vuguvugu. Anajua kusimama, anajua kugeuka, anajua kuanguka na kuinuka na heshima yake. Bembea kulikuwa kumemchosha, maana kila akisimama anagongana na watoto wa wateja wake. Benchi likamshauri aende Pazia, ufuo ambako wimbi zima linaanguka kwa mpigo mmoja kama pazia lililokatika kamba. Huko alikunywa chumvi ya mwaka mzima. Benchi likasema basi, aliyeshindwa na pazia ajaribu kikaango. Na yeye, mtu mzima mwenye akili zake, akawasikiliza, na mwamba wa Kikaangoni ukampasua goti.

– Tatizo, alisema Mwalimu Gia, ni kwamba tulichagua bila kanuni. Wimbi ni barabara. Vuguvugu ni dereva mwenye leseni mpya. Huwezi kumpeleka kwenye mteremko wenye malori.

– Lakini ulimpeleka.

– Nisikilize. Anahitaji barabara pana, isiyo na msongamano, yenye kona za kulia peke yake. Kulia tu! Shemeji anatanguliza mguu wa kushoto. Akienda na wimbi la kulia anatazamana nalo. Akienda na la kushoto analipa mgongo. Wewe umeona wapi mtu anaendesha gari amekipa kioo mgongo?

Hapo, kusema kweli, hakukosea sana. Mama Pindo mwenyewe aliyachukia mawimbi ya kushoto. Kulipa mgongo jambo linalokukimbiza si mchezo.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo arudi Pazia, ila aende polepole. Mwenda pole hajikwai.

– Utaendaje polepole kwenye wimbi linaloanguka lote?

– Anakanyaga breki.

– Ubao una breki?

– Mguu wa nyuma ni breki. Uliza mtu yeyote.

– Na mguu wa mbele?

– Klachi.

Upara alisimamisha wembe ili acheke kwa usalama. Nusu ya uso wa Mwalimu Gia ilikuwa imekwisha kunyolewa, nusu bado nyeupe, na kwa hali hiyo hoja zake zilipungukiwa uzito.

– Mnahangaika na barabara, alisema Baridi, kumbe jambo lote ni joto. Mimi nashughulika na vitu baridi maisha yangu yote. Maji baridi ni mazito. Ndiyo maana wimbi la alfajiri linapiga kama tofali. Maji yakipata moto yanalegea, wimbi linaanguka laini kama unga uliokandwa. Mtu vuguvugu atafute maji vuguvugu. Haijalishi Pazia, haijalishi Kikaangoni. Nina kipimajoto kwenye boksi pale, ningekwenda kupima mwenyewe.

– Mbona hukupima?

– Sijui kuogelea.

– Na goti la shemeji lilipasuka saa ya jua kali, maji ya moto kabisa.

– Kipya kinyemi, kingawa kidonda, alisema Baridi kwa upole, kama mtu aliyemaliza kesi.

– Hiyo methali unampigia mke wangu? Upara alimgeukia na wembe mkononi.

– Samahani, bwana mkubwa. Nilikuwa natafuta ya kutuliza.

– Ya kutuliza uninyamazie. Sikilizeni mimi. Kila kichwa kina kizingo, pale nywele zinapozunguka. Ukinyoa kinyume cha kizingo unamjeruhi mtu. Bahari nayo ni kichwa. Ina kizingo chake mahali fulani, na mawimbi yote yamelala kufuata huko. Vuguvugu hana nguvu za kwenda kinyume. Tukipata kizingo cha bahari, tumepata mahali pake.

– Wewe usiye na unywele mmoja ndiye utupe somo la nywele?

– Mganga hajigangi.

– Na kizingo cha bahari kiko wapi?

Upara alinyoosha wembe kuelekea kichochoroni, kisha akaushusha haraka, maana katika pengo, wimbi lilikuwa limefika. Lilipita likiwa limesimama, likajikunja, likajirusha kwenye mawe yaliyo chini ya ukuta wa ghala. Maji meupe yaliruka juu, na mshindo ukapanda kichochoro chote hadi vikombe vikatetema.

– Si pale, alisema. Popote pale, lakini si Pengoni.

– Pengoni! Mwalimu Gia alitema povu lililomwingia mdomoni. – Pale hata samaki hapiti bila bima.

– Ni kiwanda, alisema Baridi. Kinamwaga maji ya barafu. Wimbi la watu linakuja zake na joto lake, linakanyaga yale maji, linashtuka, linajigonga ukutani.

– Hapana, ni hasira, alisema Upara. Saruji ya ghala ilichukua mchanga wake. Linadai.

– Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Hata Mama Pindo alitikisa kichwa kukubali. Juu ya Pazia na Kikaangoni walibishana tangu kahawa ya kwanza, lakini kuhusu Pengoni benchi zima lilikuwa na neno moja, na neno moja kwenye benchi lile ni kitu cha nadra. Alikuwa ameliona wimbi hilo likijivunja maweni kila alipoinua macho kutoka kwenye sindano.

Basi wakati huo huo akatokea mgeni. Shati limepigwa pasi, viatu vya kufunga, kamba mpya ya manila begani. Alisalimia kila mtu kwa zamu, hata Mwalimu Gia na povu lake, na Bibi Birika akampa kikombe bila kuulizwa.

– Mimi ndiye wa hotelini, alisema. Nimewahi kidogo. Nimekuja kwa ajili ya ule ubao.

Mama Pindo alikunja kitambaa, akakiweka kando, akaanza kufuta chaki kwa kiganja. Chini ya chaki kulikuwa bado na nta, na katika nta kulikuwa na alama za nyayo zake mwenyewe, ya mbele na ya nyuma. Ulimuuma ubao ule, ulimuuma kuliko goti, na hakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa neno lilikuwa lake.

– Utapendeza sana mapokezi, alisema bwana yule kwa nia njema, akiupima kwa shubiri. – Tutaulaza hivi, chini tunaweka viti. Mgeni akiingia anajua amefika pwani. Mimi mwenyewe mgeni huku, sijawahi hata kulowa. Ile ndiyo bahari yenyewe?

Alikuwa ametazama kichochoroni. Wimbi jingine lilipita pengoni, likajikunja, likajigonga. Bwana yule alilifuata kwa macho kutoka kushoto hadi kulia, kama anayesoma.

– Linatoka kushoto, alisema. Naomba kuuliza. Linaanzia wapi?

– Nini?

– Lile wimbi. Hapa nimeona linapoishia. Linaanzia wapi?

– Linaanzia baharini, alisema Mwalimu Gia.

– Bahari si kubwa?

– Linaanzia nyuma ya kiwanda, alisema Baridi.

– Nyuma ya kiwanda kuna nini?

– Kuna... nyuma.

– Mmepita huko?

Baridi alimtazama Upara. Upara alimtazama Mwalimu Gia. Mwalimu Gia alitazama povu lililokuwa likikauka kwenye magoti yake. Huko nyuma ya kiwanda kulitupwa vyuma vibovu na mapipa ya zamani. Hakuna duka, hakuna kivuli, nani aende? Mabingwa hawakuwahi kupataja, wachanga walikatazwa. Na jinsi benchi lilivyopangwa na Mungu, kiwanda kilifunika yote yaliyo kushoto.

– Mnakaa hapa zamani? aliuliza bwana yule, si kwa kejeli.

Bibi Birika alikohoa.

Mama Pindo alihisi uso umepata moto. Hao wengine wana udhuru, hawatelezi, lakini yeye? Maisha yake yote anawaambia wateja kwamba nguo haihukumiwi kwa pindo, leta nguo nzima niione. Na wimbi lile alikuwa amelijua kwa pindo lake tu. Alisimama, akaunyanyua ubao kwenye stuli, akautia kwapani. Uzito wake ulikuwa ule ule.

– Bwana, utaniwia radhi. Ubao utauchukua, neno langu ni neno. Ila kwanza nauazima.

– Mama, ungali wako.

– Basi kaa unywe kahawa.

– Shemeji! Mwalimu Gia aliinuka na taulo shingoni. – Maji usiyoyafika hujui kina chake! Kwa hiyo usiende kuyafika!

– Methali inamwambia aende, alisema Bibi Birika, na kwa kuwa husema mara chache, hakuna aliyempinga.

Upara alibaki na wembe mkononi. Alimtazama mkewe gotini, kisha usoni.

– Limepona?

– Limebaki kovu.

– Nenda basi, mke wangu. Lakini...

– Lakini nini?

– Lakini rudi.

Kupita kati ya vyuma vibovu na ubao mrefu ni kazi ya mtu mwenye subira. Mama Pindo aligeuza ubao hivi, akaugeuza vile, akasifu na kulaani, mpaka akatokea upande wa pili wa kiwanda. Hapo alipanda juu ya tangi lililopinduka, akakaa, akatazama.

– Ala! alisema peke yake.

Wimbi la Pengoni lilianzia mbali, kwenye ncha ya mwamba wa mviringo ambao kutoka mtaani haukuonekana kabisa. Pale linainuka bila papara, linapasuka kipande kimoja tu, kile kilicho karibu na ncha, na kilichobaki kinangoja zamu yake. Kinapasuka kingine, na kingine, likija hivyo hivyo kwa mwendo wa mtu anayekunja pindo refu, huku bega lake zima likiwa safi, nene, limelala mlalo wa kumfaa mtu wa kati. Halikuwa la kutisha wala la kitoto. Chini yake maji yalikuwa ya buluu nzito, kina cha kutosha. Na pembeni, kati ya wimbi na ufuo wa kiwanda, kulikuwa na mlango wa maji uliotulia kama sinia, mtu angeweza kulala juu ya ubao akapiga mikono hadi ncha ya mwamba bila kulowa nywele. Ni mwisho tu, pale penye mawe ya ghala, ndipo wimbi lilipoharibika tabia. Ule mwisho ndio walioutazama miaka yote.

Hakuingia upesi. Kikaangoni alikuwa ameingia upesi. Alikaa juu ya tangi akatazama mawimbi makubwa yakija, akatazama madogo, akatazama maji yanarudi baharini kwa njia gani. Swali lilikuwa moja: mtu atajuaje pa kutokea kabla ya mawe? Juu ya maji hakuna alama. Alitazama nchi kavu, akashuka, akafuata ukingo wa maji hadi kona ya kiwanda, akaona upenyo wa kichochoro, na juu kabisa ya kichochoro, kadogo kama sanduku la uzi, akaona benchi.

Alirudi juu ya tangi akacheka hadi likalia.

Alipiga mikono kupitia ule mlango wa maji, goti likiuma kidogo kwa mazoea yake mapya, akafika kwenye ncha ya mwamba akiwa na pumzi zote. Wimbi la kwanza aliliacha, kwa adabu. La pili lilipomkaribia aliona kwamba lilikuwa la kushoto kwa mtu aliyeelekea nchi kavu, kama alivyojua tangu juu ya tangi, na moyo ukamwambia maneno ya Mwalimu Gia: utalipa mgongo. Akauambia moyo, leo mgongo una kazi. Akageuza ubao, akapiga mikono, akahisi mkia ukinyanyuliwa, akasimama.

Hakuna wa kumsimulia mtu hali ile akaielewa vizuri. Nyayo zake zilitua mahali pale pale penye alama za nta. Wimbi lilikuwa mgongoni likinguruma taratibu, bega lake limetandazwa mbele, na kwa kuwa alikuwa ameyapa maji mgongo, uso wake wote ulielekea nchi kavu. Ukuta wa kiwanda cha barafu ulikuwa ukipita mbele yake, dirisha baada ya dirisha. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakibeba barafu walisimama wakaiacha inayeyuka. Akakaza mguu wa nyuma, ubao ukapunguza mwendo, wimbi likamfikia. Akauachia, ubao ukakimbia. Breki na klachi, bwana! Alianza kuimba. Hakujua anaimba mpaka chumvi ilipomwingia mdomoni.

Kisha ukuta wa kiwanda ukaisha.

Kichochoro kilifunguka mbele yake, chote, kuanzia majini hadi juu. Na juu pale, katikati kabisa ya pengo, akaliona benchi, na hakuna aliyelikalia. Wote walikuwa wamesimama. Aliona kitu cheupe nusu, akajua ni uso wa Mwalimu Gia. Aliona kitu kinachong'aa juani, akajua ni kichwa cha mumewe, na mkono wa mumewe ulikuwa juu na wembe ndani yake. Alitamani kuendelea kidogo tu, wamwone vizuri, wamwone hadi wachoke. Vuguvugu wengi wamevunjwa na kile kidogo tu. Lakini benchi lilikuwa limeonekana, na benchi lilimaanisha toka. Alikandamiza kisigino, ubao ukapanda mgongo wa wimbi, ukavuka kilele, ukashuka upande wa pili kwenye maji yaliyotulia. Nyuma yake wimbi likaenda peke yake likajivunja maweni, puu! na maji meupe yakaruka yakaziba pengo lote.

Juu ya kichochoro hakukusikika kitu. Ndipo alipokumbuka kwamba wao hawajui chochote kuhusu kutoka. Wao wamemwona anapita, kisha wameona mawe. Aliinuka juu ya ubao haraka, akanyoosha mikono yote miwili. Povu lilipotua, ukelele ulishuka kichochoroni kwa nguvu zilizozidi mshindo wa wimbi lenyewe, na katika ukelele huo sauti moja ilipanda juu ya zote.

– Mke wangu huyoo! Huyo ni mke wangu!

Alirudi kwenye ncha akachukua jingine. La kwanza lingeweza kuitwa bahati, na hakutaka mtu ayafikishe mabishano hayo kwenye kahawa.

Aliporudi mtaani, maji yakimchuruzika, ubao kwapani, aliwakuta bado wamesimama. Jua lilikuwa limefika kwenye benchi na hakuna aliyekumbuka kulisogeza. Mwalimu Gia alikuwa na nusu ya ndevu zilizokauka na sabuni, anapita akimshika mkono kila mpita njia kana kwamba ndiye aliyeteleza.

– Kushoto, shemeji! Umekata kushoto!

– Nimekata kushoto.

– Ndivyo nilivyosema siku zote.

– Wewe? Baridi alimgeukia. – Wewe? Mimi ndiye niliyesema maji ya saa hizi yamelegea!

Upara alimfuta mkewe uso kwa taulo alilomvua mteja wake, lenye povu, akamwongezea sabuni machoni, na wala Mama Pindo hakulalamika.

Bibi Birika aliinamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja, kizito, cheusi.

– Nani ameshindwa? aliuliza.

Watatu wale walitazamana. Kisha Mwalimu Gia akakichukua, akanywa funda, akakunja uso. Akampa Baridi, akanywa, akakunja uso. Akampa Upara, akamalizia pamoja na unga wake. Tangu sheria ile iwekwe, ilikuwa mara ya kwanza kikombe cha mwisho kunywewa na benchi zima.

Mama Pindo alimgeukia bwana wa hoteli, akauweka ubao mbele yake. Mkono wake haukutaka kuachia, lakini aliulazimisha.

– Neno langu ni neno, baba. Huu hapa.

Bwana yule aliutazama ubao, akatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye viatu vyake vya kufunga. Alianza kuizungusha ile kamba mpya begani.

– Mama, ukuta wangu ni mkavu, alisema. Huu ukikaa mkavu utakufa. Nitatundika kioo. Ila siku moja nipeleke huko nyuma ya kiwanda, na mimi nitazame linapoanzia.

Mama Pindo alicheka huku analia, na hakujificha.

– Sasa nisikilizeni, alisema akijifuta. Majini hakuna alama. Nikiliona benchi, ndipo ninapojua pa kutokea. Mkilisogeza, mnaniua. Mmesikia?

– Lisisogezwe hata kidogo? aliuliza Baridi, akitazama kivuli kizuri kilichokuwa kikimngoja ukutani kwake.

– Hata shubiri.

Basi ukipita mtaa ule siku hizi maji yakiwa mazuri, utasikia cherehani ikiimbiwa asubuhi, halafu kimya, na duka limefungwa. Utawakuta wanaume watatu wamekaa benchini katikati ya jua, jasho linawatiririka, vikombe vinachoma vidole, nao wanatazama pengo bila kupepesa macho. Hatua chache tu kutoka hapo kuna kivuli kitupu. Juzi akapita muuza maji, akawatazama, akatazama kivuli, akawauliza swali jepesi kabisa: wazee, mbona mnaungua hapa na kivuli kile pale?

Safari hii walimjibu wote kwa mpigo, hata Bibi Birika.

– Tuko kazini!